Gari la Mashindano na Gari la Duka

Sisi tuliotoka Chula tulizoea vyombo kabla ya motokaa. Kwetu mashua ya kushindana ni ile ile iliyochukua samaki jana. Ndiyo sababu nayapenda magari ya zamani ambayo kiwanda hakikuruhusiwa kushindana nayo mpaka kwanza kitengeneze mengi ya namna hiyo hiyo kwa ajili ya wanunuzi.

Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalipangwa kwa bei yake ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Mtazamaji aliyesimama kando ya tope alijua kwamba gari lile lile laweza kununuliwa mjini. Kizuri chajiuza.

Baadaye sharti likawa la hesabu. Katika Kundi B, lililoanza 1982, magari 200 tu yalitosha. Basi viwanda vingine viliunda dude la mashindano na kulivika sura ya gari la duka. Peugeot 205 ya kawaida ina injini mbele. Ile ya T16 iliwekwa injini nyuma ya viti! Lakini njia za Safari hazikudanganyika. Toyota Celica, iliyosukumwa kwa magurudumu ya nyuma tu, ilishinda 1984, 1985 na 1986, ikiyaacha magari yaliyosukumwa kwa magurudumu yote manne.

Mwaka 1986 Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa mashindanoni Corsica, na Kundi B likaondolewa. Kundi A, lililoshika nafasi yake, lilitaka magari 5000. Lancia Delta ilishinda Safari 1988 na 1989, na ndugu zake waliendeshwa na watu wakienda kazini.

Wako wasemao kwamba hesabu humfunga fundi mikono, na kwamba mwenye akili aachwe aunde apendavyo. Mimi sikubali. Kuunda kimoja cha ajabu ni kazi ya fedha. Kuunda 5000 vilivyo imara ni kazi ya ufundi.

Nasi shuleni tujipime hivyo hivyo. Twamshangilia mkimbiaji wetu mmoja aletaye kikombe, na ni haki yake. Lakini mgeni akituuliza, "Wengine wangapi hukimbia?", tutamjibu nini?