Kagera, Kongo na hesabu ya Kigoma

Watanzania wakitaja vita, wanataja Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba tutampiga, na kwa nini. Mgambo waliitwa, wanavijiji wakachanga ng'ombe na nafaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Baadaye tuliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo iligeuka miaka ya foleni za sukari na sabuni, lakini kila aliyepanga foleni alijua analipia nini.

Vita vya Kongo tumevipigana kimyakimya. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, likaunda ndani ya MONUSCO, ujumbe wake wa kulinda amani Kongo, kikosi cha kushambulia waasi. Wanajeshi wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, waliingia Kivu Kaskazini chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Kufikia Novemba waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Desemba 2017 walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, wilayani Beni. Januari 2025 M23 waliiteka tena Goma, na Machi SADC ikaamua kuondoa kikosi chake, tofauti na kile cha Umoja wa Mataifa, ambamo pia tulikuwamo.

Wapo wanaosema Kagera vilikuwa vita vyetu, vya Kongo ni vya watu. Ukiwa Dodoma unaweza kukubali. Ukiwa Kibirizi, Kigoma, maboti ya Kongo yakipakia na kupakua mbele ya macho yako, huwezi. Wabembe na Wamanyema wana ndugu pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996. Waliozaliwa humo sasa wanalea watoto wao humohumo, bila kuiona Fizi wala Uvira. Kuni zinakatwa mbali zaidi, biashara ya ng'ambo inasimama kila bunduki zikilia Kivu. Amin alituvamia mara moja, yakaisha. Vita vya Kongo vinatufikia huku kizazi baada ya kizazi, na ndivyo tulivyoelezwa kidogo kuliko vyote.

Sisemi Kagera palikuwa na hekima tupu. Yusuf Lule, aliyeteuliwa kwenye mkutano wa Moshi kuiongoza Uganda baada ya Amin, alidumu madarakani siku 68. Jeshi letu lilipoondoka Uganda mwaka 1981, Museveni alikuwa ameshaingia msituni. Kongo mambo yalikwenda vivyo hivyo: askari walimaliza kazi yao 2013, wanasiasa hawakumaliza yao, na waasi waliovuka mipaka wakapata miaka ya kujipanga upya. Tofauti ni kwamba aliyeamua kwenda Kampala alikuwa hapa nyumbani, na uamuzi wake aliutetea mbele ya wananchi. Aliyeandika majukumu ya kikosi cha 2013 alikuwa New York. Mama wa askari wa Kasulu angemuuliza nani?

Kwa hiyo, kabla ya kikosi kingine kuvuka, Bunge lijadili hadharani: tunakwenda kutimiza lengo gani, kwa muda gani, na nani atakaa mezani na nani bunduki zikinyamaza. Wabunge wa Kigoma wana haki ya kuuliza kwanza, na kwa vita ambavyo tumekwisha kuvipigana, hawana haja ya kungoja kikosi kipya kitajwe.