Juma la shule ndilo mtihani wenyewe

Mjadala kuhusu mtaala wa umilisi umeendeshwa kwa muda mrefu kwa lugha ya mambo makubwa: sera, majopo, bajeti na uhaba wa walimu wa sekondari msingi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali dogo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalobeba uzito wa mjadala wote. Je, mtoto wa Gredi ya 5 katika kaunti za Migori na Homa Bay hupata nini hasa baina ya Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni? Nimesadiki kwamba ni katika juma hilo moja ambamo mtaala huu utafaulu au utaanguka.

Tuanze na hesabu. Kufuatia ripoti ya mwaka 2023 ya jopo la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, masomo ya Gredi ya 4 hadi ya 6 yalipunguzwa kutoka 12 hadi 8. Ratiba iliyofuata ina vipindi 35 kwa juma, kila kimoja dakika 35. Jumla yake ni saa 20 na dakika 25. Katika muda huo mwalimu anatarajiwa kufundisha hesabu na lugha, kulima bustani pamoja na wanafunzi, kuwaongoza katika majaribio ya sayansi, kuwafunza kusuka, kuchora, kuimba na kucheza, kisha aandike kumbukumbu kuhusu kila mtoto: nani anazidisha matarajio, nani anayafikia, nani anayakaribia na nani yu mbali nayo.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa na enzi ya 8-4-4. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulikuwa kipimo cha siku chache mwishoni mwa miaka minane. Mtoto aliyekosa Jumanne kumi aliweza, akiwa na akili nyepesi na kitabu cha kuazima, kukesha akikariri na kuwafikia wenzake. Sasa mambo yamebadilika. Watahiniwa wa kwanza wa Gredi ya 6 walipoketi mwaka 2022, taifa liliarifiwa kwamba karatasi ya mtihani ingebeba asilimia 40 ya alama, na asilimia 60 ingetokana na tathmini za shuleni tangu Gredi ya 4. Mizani hiyo imerekebishwa baadaye. Kwa Gredi ya 9 ya mwaka 2025, tathmini ya Gredi ya 6 ilichukua asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa mwisho asilimia 60. Hata hivyo msingi ni uleule: kazi ya darasani inahesabiwa. Na mtoto hawezi kukariri bustani ambayo hakuipalilia.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Kaunti hizi mbili za kando ya ziwa zina ratiba yake, nayo haikutungwa na Wizara ya Elimu. Soko la kijiji hukutana siku ileile kila juma, na mama asiye na msaidizi humhitaji binti yake wa miaka kumi ashike mtoto mchanga au alinde bidhaa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi ni lazima waanikwe jua lingali changa. Kazi hiyo haingoji kengele ya shule. Huko Nyatike kuna machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambako mvulana anayeosha mchanga hurejea na sarafu mfukoni. Awendo kuna miwa, na Kuria kuna tumbaku. Umaskini ndio unaowatuma watoto hawa, wala si uzembe wa wazazi peke yake.

Ninalotaka msomaji alitambue ni hili: utoro wa aina hii, hasa ule wa soko, hautokei ovyo ovyo. Huangukia siku ileile. Mtoto anayekosa siku moja kila juma hupoteza vipindi saba. Kwa muhula wa majuma 12, hivyo ni vipindi 84, yaani zaidi ya majuma mawili kamili ya masomo. Lakini hasara haienei sawasawa katika masomo yote. Ikiwa soko ni Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya kazi ya mikono katika Kilimo, basi mtoto huyo hatapoteza sehemu ndogo ya kila somo. Atapoteza takriban kazi yote ya mikono ya Kilimo, na rekodi yake itasema kwamba hana umilisi, hali ukweli ni kwamba hakuwapo. Bandu bandu huisha gogo, na gogo linaloisha hapa ni mustakabali wa mtoto.

Kuna hasara ya pili hata kwa yule aliyehudhuria. Nimepata kuketi nyuma ya madarasa kadhaa ya Gredi ya 4 na ya 5 katika sehemu hizi, na nimeona kipindi cha dakika 35 kikiliwa na mambo mawili. La kwanza ni lugha. Gredi ya 4 ndipo Kiingereza kinapochukua usukani wa kufundishia, na mtoto wa Mfangano huenda amebeba Kisuba cha bibi yake, Kidholuo cha kijijini na Kiswahili cha redioni kabla ya kukifikia. Mwalimu hutumia dakika kumi akifafanua maneno ya swali, ndipo aligusie swali lenyewe. La pili ni vifaa. Mtoto ambaye hakuleta karatasi ya manila au picha iliyochapishwa kwa kulipiwa mjini huketi akiwatazama wenzake. Tukumbuke kwamba kiwango cha fedha za serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Ukizigawa kwa majuma ya masomo, unapata takriban Sh36 kwa juma. Fedha hizo hazinunui manila ya kila mtoto.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanathibitisha ubora wa mfumo wa zamani, ambapo watoto wote wa Kenya walijibu karatasi moja. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto wa soko alishindwa katika KCPE pia. Tofauti ni kwamba tulilijua hilo baada ya miaka minane, wakati dawa ilikuwa imekwisha muda. Rekodi za darasani, zikiandikwa kwa uaminifu, zinaweza kutuonyesha shimo hilo katika juma la tatu la muhula. Tatizo ni kwamba tunazisoma kama hukumu, ilhali zilikusudiwa ziwe taarifa ya daktari.

Tufanye nini basi? La kwanza halihitaji senti ya serikali. Mwalimu mkuu anayeijua siku ya soko ya kijiji chake aihamishe kazi ya mikono kutoka siku hiyo, na vipindi vibadilishane nafasi kila nusu muhula ili hasara isirundikane katika somo moja. La pili, mwalimu achukue vifaa vilivyomzunguka. Mafunjo na magugumaji ya ziwani yanasukika. Gorogoro ya omena inafundisha ujazo, bei na faida kuliko picha ya kununuliwa. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila saruji na kuingizwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, zimo Migori. Kwa nini mtoto wa huko ajifunze ujenzi wa kale kutoka kwa picha za Misri pekee?

La tatu ni la magavana. Najua watajibu kwamba elimu ya msingi ni jukumu la serikali kuu, na kwamba Katiba ya mwaka 2010 imewaachia kaunti elimu ya chekechea. Jibu hilo ni sahihi, ila limekatwa katikati. Katiba hiyohiyo imezikabidhi kaunti usimamizi wa masoko na uvuvi. Aliye na mamlaka juu ya soko na ufuo ana mamlaka juu ya mahali anakopatikana mtoto asiye darasani. Kanuni ya kaunti inayokataza mtoto wa umri wa shule kufanya kazi sokoni au ufuoni saa za masomo, ikiandamana na mahali pa kuwatunzia watoto wachanga sokoni, ingeongeza mahudhurio kuliko hotuba kumi. Serikali kuu nayo ilete fedha za shule kwa wakati na chakula cha mchana, kwani mtoto mwenye uhakika wa sahani shuleni hana haja ya kuifuata dhahabuni.

Kwenu walimu, nasema rekodi isiyo ya kweli ni dhuluma. Palipo na pengo kwa sababu mtoto hakuwapo, liandikwe hivyo, wala lisijazwe kwa huruma au kwa hofu ya mkaguzi. Nanyi wanafunzi mfahamu kwamba mtihani wenu haungoji mwisho wa mwaka. Mnaufanya Jumatatu, mnaufanya Jumanne, mnaufanya kila mnaposhika jembe, kalamu au ukindu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai ikiwa tunamnyang'anya mtoto haba moja kila juma, siku ileile, huku sote tukitazama.