Vijana Wajifunze Fedha Vikobani: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania

Mheshimiwa Gavana,

Kwa kawaida mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti Julai. Wengine hawaendi kabisa. Katika miezi hiyo vijana wengi huanza kushika fedha zao wenyewe, za kibarua au za biashara ndogo, na mkopeshaji wa kausha damu, anayetoza riba kubwa mno, hangoji wapewe semina ndipo awafuate.

Naomba miezi hiyo itumike. Vijana hawa wajitolee kuwa makarani wasaidizi wa vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vya mitaani kwao.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi ni daraja la nne, na usajili wake mmeukasimu kwa halmashauri. Wanachama hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii, hukopa na kurejesha mbele ya wenzao. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mshikaji wake. Mzunguko ukiisha, faida hugawanywa kulingana na hisa. Kijana anayeandika daftari la kikundi ataona mama lishe akikopa mtaji na kuurejesha, na ataona aliyekopea sherehe akihangaika. Somo hilo semina ya siku moja haiwezi kulitoa.

Naye ana cha kuwapa wenyeji wake. Hesabu za asilimia bado anazikumbuka, na mahesabu ya gawio huwatoa jasho viongozi wengi wa vikundi. Kanuni zimeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Kwa mkopo wa shilingi 100,000, hiyo ni shilingi 3,500. Kijana anayeijua hesabu hiyo atashtuka akisikia jirani ametakiwa kurejesha 130,000 mwezi ukiisha, na atamsomea mkataba kabla hajasaini.

Nakuomba mambo matatu. Kwanza, toa mwongozo kwa halmashauri, ili maofisa maendeleo ya jamii wa kata wawaunganishe vijana na vikundi vilivyo tayari kuwapokea. Pili, andaeni kijitabu kifupi cha Kiswahili chepesi kuhusu akiba, riba, mkataba na haki za mkopaji. Tatu, anayemaliza apewe cheti cha kujitolea kitakachomsaidia kutafuta kazi.

Mwongozo uweke mipaka pia: kijana asishike ufunguo wala fedha, na siri za wanachama zibaki kikundini.

Watu wapo, mahali pa kukutania papo, na uzoefu upo. Anzeni na halmashauri chache, kabla wahitimu wa Novemba ijayo hawajarudi mitaani.

Wako mtiifu,
Mwanakikoba, Dodoma