Items zile zile, mara tano?

Wazazi wa machimbo, kutoka Bafwasende mpaka hapa Kisangani, mnatuma franga ya almasi juu watoto wanunue items za Exetat za miaka iliyopita. Ni vizuri. Lakini muangalie namna wanazifanya. Finalisti anarudilia items zile zile mara tano: kwanza 42%, mwisho 90%, na nyumba yote inafurahi. Ile 90% si hesabu, ni kukumbuka tu kwamba kwa swali la 7 jibu ni la tatu. Ni sawa na kuosha mchanga ambamo ulificha jiwe wewe mwenyewe.

Kurudilia si kosa. Mchimbaji anajua, mchanga wa jana unaweza kubaki na kitu kilichoponyoka. Basi arudilie maswali yaliyomshinda, aandike kwenye kaye kwa nini jibu ni lile, kisha ayaache wiki mbili. Na items za mwaka mmoja zifungwe, asiziguse mpaka karibu na mtihani. Zile njo zitaonyesha kama 50% ataifikia.

Mama ambaye hakusoma anaweza pia kusaidia: afunike jibu kwa mkono, amuulize mtoto "juu ya nini?" Akinyamaza, bado.