Wafu Wana Madai: Pepo na Wimbo Jukwaani

Wako wasemao ya kwamba hadithi ya pepo haina budi kusafishwa kabla ya kupelekwa jukwaani: kiza kiondolewe, ngoma zibakie, watazamaji warudi makwao wakiwa radhi. Ushauri huo ni mtamu masikioni, walakini huua kile kile kinachotakiwa kuhifadhiwa.

Na utazamwe mchezo wa Dibuki, yaani roho ya marehemu imwingiayo aliye hai. Ansky aliutunga kwa kufuata hekaya za Wayahudi, watu ambao alizunguka vijijini mwao kati ya 1912 na 1914 akikusanya masimulizi na nyimbo. Marafiki wawili waapa kuozeshana watoto wao. Mmoja afa, mwenziwe atajirika na kuisahau ahadi. Mwana wa marehemu, kijana maskini, afa kwa uchungu. Na siku ya arusi roho yake yamwingia bibi arusi na kunena kwa kinywa chake. Kundi la Habima lilipoucheza Moscow mwaka 1922, muziki ulikuwa wa Joel Engel, ambaye naye alikuwa amekwenda vijijini kusikiliza nyimbo hizo. Hata ngoma ya maskini arusini ilikuwa ya kutisha, si ya kuliwaza. Kwani shina la msiba ule si uchawi. Ni kiapo kilichovunjwa. Marehemu amekuja kudai.

Mtu wa Morogoro hahitaji kufundishwa jambo hilo. Milima ya Uluguru inaye Kolelo, aliyesemwa kukaa pangoni kwa mfano wa nyoka, na hata Wazaramo walipanda milima kumwendea kwa ajili ya mvua. Jina lake likafungamana na habari za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Na maji yaliyoahidiwa kuzuia risasi hayakuzizuia. Ebrahim Hussein hakulificha hilo katika Kinjeketile, mchezo uliochapishwa mwaka 1969: alimleta jukwaani mtu aliyepagawa, kisha akamwachia shaka yake. Ndiyo sababu mchezo ule wadumu.

Basi atakaye kumwimba Kolelo na amwimbe mzima. Akitwaa ngoma za Waluguru na kuyaacha ukame, ahadi na makaburi, atakuwa amewaalika wafu arusini kisha akawafumba vinywa. Huko si kuhifadhi mila, ni kuipora. Wimbo ni ushahidi, na ushahidi haupunguzwi ili hakimu apate usingizi.