Funza na Bakteria Rafiki katika Chakula cha Kuku: Nini Kitangulie Mlali?

Mlali ni kata ya Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, iliyo chini ya Milima ya Uluguru kwenye barabara ipandayo kutoka Mzumbe kwenda Mgeta, na sifa yake kubwa ni nyanya, kabichi na mboga nyingine zinazomwagiliwa kwa maji ya mito ya milimani kabla maji hayo hayajafika Bwawa la Mindu, ambalo Manispaa ya Morogoro hulitegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake. Kuku wa Mlali hawatajwi sana, ingawa wapo karibu kila ua, na wale wafugaji waliojaribu kuku wa nyama au wa mayai wanajua kwamba chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama yote. Ndiyo maana bidhaa mbili zinazosifiwa siku hizi, yaani probayotiki, ambazo ni bakteria hai wanaotiwa katika maji au chakula ili kusaidia mmeng'enyo, na unga wa funza unaochukua nafasi ya dagaa na soya, zinawavutia wafugaji na maofisa ugani kwa pamoja, kana kwamba ni jambo moja. Si jambo moja. Unga wa funza unastahili kuungwa mkono kwa fedha za umma kuanzia sasa, kwa masharti yatakayoelezwa hapa, ilhali probayotiki za chupani hazistahili kupigiwa debe mpaka mazoea fulani ya wiki ya kwanza ya kifaranga yawe yameachwa.

Mazoea hayo hayaeleweki bila kuutazama utumbo wenyewe. Chakula cha kuku husagwa katika firigisi, kisha huingia katika utumbo mwembamba, ambao ukuta wake wa ndani umejaa vinyweleo vidogo visivyohesabika vinavyofyonza virutubisho, na kile kisichofyonzwa hufika mwishoni, kwenye vifuko viwili vilivyozibwa upande mmoja, ambamo mabilioni ya bakteria huchachusha mabaki na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuwafukuza vimelea wa maradhi. Kifaranga hutoka katika yai akiwa karibu hana bakteria hao. Yule aliyeanguliwa chini ya mama yake huwapata ndani ya saa chache, kwa sababu hudonoa palepale mama anapochakura na kunyea, lakini yule aliyetoka katika mashine ya kutotolesha, akasafirishwa katika boksi hadi Morogoro na kumwagwa juu ya maranda mapya, hakukutana na kuku mzima hata mmoja. Mwaka 1973 Esko Nurmi na mwenzake Rantala, watafiti wa Ufini, walionyesha kwamba vifaranga wa namna hiyo wakinyweshwa bakteria waliotoka katika utumbo wa kuku mzima mwenye afya, salmonela hushindwa kuwavamia kwa urahisi, kwa kuwa nafasi katika ukuta wa utumbo zimekwisha kukaliwa. Hoja nzima ya probayotiki katika ufugaji wa kuku imesimama juu ya ugunduzi huo, nao haujapingwa.

Sasa itazamwe bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, ya kawaida ya mfugaji wa Tanzania katika siku tatu hadi tano za mwanzo. Kwenye kinyweshea, maji yamechanganywa na glukosi ili kuwapa vifaranga nguvu baada ya safari, na pamoja na glukosi imetiwa antibayotiki, mara nyingi ya jamii ya oksitetrasaiklini, si kwa sababu kuna kifaranga anayeumwa, bali kwa sababu muuzaji wa duka la dawa za mifugo ameshauri hivyo na jirani alifanya hivyo akafanikiwa. Rangi ya njano ya maji hayo imekuwa kwa wengi ishara ya ufugaji makini. Kwa mtazamo wa utumbo, hicho ndicho kipindi ambacho bakteria wa maisha yote ya kuku wanapaswa kuweka makazi, na ndicho kipindi ambacho dawa ya kuwaua inamiminwa bila kubagua. Mfugaji anayenunua probayotiki na kuitia katika maji hayohayo, au katika maji yenye klorini kali, amelipia bakteria ili awaue mwenyewe.

Lawama isielekezwe kwa mfugaji peke yake, kwani mazoea haya yana historia ndefu iliyoanzia kwa wataalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle, Marekani, waligundua kwamba mabaki ya uchachushaji uliotumika kutengeneza antibayotiki iitwayo Aureomycin yaliwakuza vifaranga haraka kuliko kawaida, na kutoka hapo dunia ikaanza kutia antibayotiki kidogokidogo katika chakula cha mifugo kama kichocheo cha ukuaji. Bakteria wanaoishi kwa muda mrefu katika dozi ndogo hujifunza kuistahimili, na hali hiyo, ambayo kwa Kiswahili cha kitaalamu huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, haibaki bandani, bali huhamia kwa binadamu kupitia nyama, mikono, samadi na maji. Sweden ilipiga marufuku vichocheo hivyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata kikamilifu tarehe 1 Januari 2006. Tanzania ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea mwaka 2017, lakini mpango wa kitaifa haufiki katika kinyweshea cha kifaranga mpaka ofisa ugani wa kata aufikishe, na katika kata zinazotunza vyanzo vya maji ya mji mzima jambo hilo lina uzito wa pekee, maana samadi inayosombwa na mvua za masika huteremka na maji hayo.

Tuseme basi mfugaji ameacha dawa za mazoea. Je, probayotiki itamlipa? Kwa tafsiri iliyotolewa mwaka 2001 na wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani, probayotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea mwenyeji wake faida ya kiafya, na maneno mawili katika tafsiri hiyo, hai na kutosha, ndiyo yanayoangusha bidhaa nyingi. Chupa ya bakteria wa jamii ya Lactobacillus iliyokaa dukani kwenye joto la Februari inaweza kuwa na bakteria wafu watupu, wala macho hayawezi kutambua tofauti. Bakteria wa jamii ya Bacillus hustahimili zaidi, kwa kuwa hujifunga ndani ya ganda gumu linalovumilia joto na ukavu, na kwa hiyo wanafaa zaidi katika mazingira yasiyo na jokofu. Majaribio mengi duniani yameonyesha nafuu katika ukuaji na katika kupunguza kuhara, lakini nafuu hiyo hubadilika sana kati ya aina moja ya bakteria na nyingine, na huonekana zaidi kuku wanapokuwa na msongo au maradhi kuliko wanapotunzwa vizuri. Pasipo jina kamili la bakteria, idadi ya walio hai kwa gramu na tarehe ya mwisho wa matumizi, lebo inayoahidi afya ya utumbo haimwambii mnunuzi lolote.

Inasikitisha kwamba chanzo cha bakteria wa aina hii kiko karibu mno na hakijatumika ipasavyo kwa mifugo. Togwa, kinywaji cha nafaka iliyochachushwa kinachojulikana sana Morogoro, imechunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakishirikiana na wenzao wa Norwei, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalitaja ndani yake bakteria wa asidi ya laktiki kama Lactobacillus plantarum na Pediococcus pentosaceus, pamoja na hamira za asili. Utafiti mwingine wa Tanzania, wa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa walipungukiwa na bakteria wa kuharisha katika choo chao. Hiyo si ruhusa ya kumwagia vifaranga togwa yoyote, kwa kuwa uchachu wa nyumbani hutofautiana siku hadi siku, bali ni sababu ya kutosha kwa chuo kilicho mjini Morogoro kujaribu bakteria wa hapa katika mabanda ya hapa, badala ya kuliacha soko litawaliwe na chupa za kutoka nje.

Wadudu wana kesi yenye nguvu zaidi, kwa sababu kuku hawafundishwi kuwala. Mvua za kwanza zinapotoa kumbikumbi, kuku wa kienyeji hushiba bila gharama, na mbinu ya kunasa mchwa kwa chungu kilichojazwa mabua na samadi yenye unyevu, kikafunikwa kifudifudi juu ya njia yao, inajulikana vijijini kwa muda mrefu. Kipya ni kufuga wadudu kwa wingi na kwa mpangilio. Aliyechaguliwa na wengi ni nzi askari mweusi, Hermetia illucens, mdudu ambaye akiwa mzima hang'ati wala hatafuti vyakula vya watu, na ambaye funza wake hula mabaki ya mimea na jikoni kwa takribani wiki mbili kabla ya kuvunwa, kukaushwa na kusagwa. Unga wake una protini ya takribani asilimia 40 na mafuta yanayokaribia asilimia 30, nayo mafuta hayo yana asidi ya lauriki kwa wingi, ambayo huwadhoofisha baadhi ya bakteria wa maradhi.

Faida ya unga huo iliyo kubwa kwa Tanzania ni kuokoa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria ni kitoweo cha watu wengi wa kipato cha chini, na kila gunia linalopelekwa kwenye mashine ya chakula cha kuku linaondoka katika sufuria ya mtu. Zaidi ya hayo, dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hufika wakiwa na mchanga mwingi, na mfugaji hulipia uzito usiolika. Mtu anayejali lishe ya watoto hawezi kuitazama biashara hiyo bila kutaka mbadala.

Hata hivyo, mbadala usisifiwe kupita kiasi. Ngozi ya funza ina kitini, dutu ngumu yenye naitrojeni, na kwa kuwa maabara hukadiria protini kwa kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, naitrojeni ya kitini huhesabiwa kuwa protini ilhali kuku hafaidiki nayo kwa kiwango hicho. Watafiti wa Uholanzi walipendekeza mwaka 2017 kizidisho kidogo zaidi, cha takribani 4.76, kwa funza wazima. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayechanganya chakula kwa kufuata namba za kwenye gunia. Vilevile, jaribio la kuku wa nyama la watafiti wa Italia lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba unga wa funza uliokamuliwa mafuta ulifaa kwa kiasi kidogo, lakini ulipofika asilimia 15 ya chakula, vinyweleo vya utumbo viliathirika. Kwa hiyo unga huu uchukue nafasi ya sehemu ya dagaa, wala usiachiwe kufuta mashudu na soya vyote.

Swali gumu zaidi kwa Mlali ni funza watakula nini. Jibu linaloonekana rahisi ni nyanya, kwa sababu wakati wa mavuno zinazokataliwa kwenye matenga huoza shambani na kando ya barabara, na hakuna anayezitaka. Lakini nyanya iliyokataliwa mara nyingi ndiyo iliyotobolewa na kantangaze, kiwavi wa nondo Tuta absoluta aliyeingia nchini katika muongo uliopita, na shamba lililovamiwa na kantangaze ndilo linalopigwa dawa mara nyingi zaidi, wakati mwingine kwa kuchanganya viuatilifu viwili au vitatu katika bomba moja. Dawa iliyotengenezwa kuua kiwavi haichagui kati ya kiwavi wa nyanya na funza wa nzi. Inaweza kuua zao zima la mfugaji wa wadudu, au ikiwa ni kidogo, kubaki katika unga. Metali nzito kama kadimiamu nazo hurundikana mwilini mwa funza hawa, ingawa kwa bahati nzuri utafiti umeonyesha kwamba sumukuvu ya mahindi hairundikani ndani yao.

Kenya ilipitisha mwaka 2017 kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, na Umoja wa Ulaya uliporuhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021 uliendelea kukataza kuwalisha funza samadi na mabaki ya mezani. Tanzania ina Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, ambayo inatosha kuwa msingi, mradi usimamizi uanzie kwenye kile wanacholishwa funza. Kwa Mlali hilo lingemaanisha kwamba kikundi kinachofuga funza kipokee tu nyanya za mkulima anayeandika dawa aliyopiga na tarehe yake, na kwamba sampuli ya unga ipimwe kwa kundi zima badala ya kila mfugaji mmojammoja, kwa kuwa gharama ya kipimo kimoja inaweza kumaliza faida ya mtu mwenye kuku mia. Halmashauri ingelipa kipimo hicho kwa miaka ya mwanzo, na fedha ikiwa haitoshi kwa yote, itangulie chanjo ya mdondo ya matone ya jicho inayozalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kwa sababu mdondo huweza kumaliza kuku wa kijiji ndani ya siku chache, na hapo hakuna bakteria rafiki wala funza atakayemfaa kuku aliyekufa. Rekodi ya dawa za nyanya, ikishaanza kwa ajili ya kuku, itahitajika pia na mnunuzi wa nyanya katika soko la Morogoro, ambaye mpaka leo hununua bila kuambiwa zilipigwa nini wala lini.