Maduka ya vipuri vya redio yanapofifia, Nakuru hupoteza shule

WADAI wa Nakumatt walipopiga kura Januari 2020 supamaketi hiyo ifilisiwe, wengi Nakuru walisikitika, kwani jina lake lilitokana na duka la magodoro la mji huo, Nakuru Mattress. Masikitiko kama hayo yalikuwepo mwaka 2014 kiwanda cha betri cha Eveready kilipofungwa mjini humo baada ya kulemewa na betri za bei nafuu kutoka nje.

Hata hivyo, ipo biashara nyingine inayofifia bila kutangaziwa tanzia: duka dogo la vipuri vya redio na runinga.

Duka hilo halikuwa na fahari. Nyuma ya kaunta palikuwa na visanduku vilivyojaa transista, spika, nyaya na risasi ya kulehemu. Kijana kutoka Njoro au Subukia aliweza kuingia na kipuri kimoja kilichoungua, akauziwa kingine kama hicho, na juu yake akaelezwa bure kwa nini cha kwanza kiliungua. Mafundi wengi wa masoko ya Molo na Gilgil hawakupitia chuo. Waliupata ufundi hivyo, kwa kuharibu na kuuliza.

Sababu za kudidimia si fumbo. Redio mpya yaweza kugharimu karibu sawa na kuikarabati kuukuu. Vipuri vya kisasa ni vidogo mno kwa mkono na macho matupu, na simu imemeza redio, saa na kamera kwa pamoja. Anayehitaji kipuri adimu sasa hukiagiza kwa simu hiyo hiyo kutoka Nairobi au ng'ambo.

Wimbi hili halikuanzia Bonde la Ufa. Nchini Marekani, RadioShack iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2015, na mwaka 2018 Maplin ya Uingereza ikasambaratika.

Ni kweli kwamba kumbukumbu hupamba ya kale. Baadhi ya vipuri vilivyouzwa vilikuwa bandia, na mwanafunzi wa leo hupata mtandaoni maelezo ambayo muuzaji yeyote wa zamani asingeyajua. Lakini video haiwezi kushika kipuri chako na kukuonyesha ulipokosea.

Hapo ndipo penye hasara. Mtaala mpya unawataka wanafunzi wa sekondari ya msingi wasome masomo ya awali ya kiufundi, ilhali mahali pa kununua kipuri cha shilingi chache cha kufanyia majaribio panazidi kuadimika. Nayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zinapochakaa. Kifaa kisicho na wa kukitengeneza mwisho wake ni jaani, na Nakuru, iliyotawazwa jiji Desemba 2021, inaujua vyema mzigo wa jaa la Gioto.

Kuyafufua maduka yale kwa huruma hakuwezekani. Linalowezekana ni kaunti na vyuo vya kiufundi kufungua karakana ambako vifaa vilivyotupwa vitavunjwa, vipuri vizima viuzwe kimoja kimoja, na mafundi wazee walipwe kufundisha kabla hawajaondoka na ujuzi wao. Mkono usiozoea kufungua kifaa utabaki mkono wa kununua tu.